Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga wa pwani walituachia methali isemayo: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nimeifundisha methali hii kwa miaka mingi, na kila mara niliieleza kama waielezavyo walimu wengi, kwamba mtu akiona chombo kinakwenda vizuri majini asisahau jasho la mafundi waliokichonga. Sasa, katika uzee, nimeiona sura yake nyingine. Kilichoundwa na mtu chaweza kuchunguzwa na mtu, na mwenye kuchunguza kwa subira naye aweza kuja kuunda. Abiria na fundi hukitazama chombo kilekile. Tofauti yao ni kile wanachokitafuta.

Insha hii inahusu chombo kimoja ambacho mamilioni ya watu husafiria kila siku bila kuuliza mbao zake zilipigiliwaje, nacho ni ukurasa wa intaneti. Nataka kusimulia ulivyozaliwa, na jinsi watu wa kawaida walivyojifunza kuutengeneza. Nataka pia kueleza kwa nini naona ni jambo la hatari ikiwa sisi, na hasa sisi walimu, tutaridhika kuwa abiria.

Mimi nilisomea ualimu chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pamoja na falsafa ya elimu na mbinu za kufundisha, tulifundishwa kutengeneza zana. Tulichora chati kwenye karatasi za manila, na tulikata stensili kwa taipureta iliyoondolewa utepe, ili herufi zitoboe karatasi ile ya nta badala ya kuipaka wino. Stensili ikishakatwa ilivishwa kwenye mashine ya kurudufu, mtu akazungusha mkono, na karatasi moja baada ya nyingine ikatoka ikinuka wino. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu na kujadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Basi, maandishi, picha na sauti vikifanya kazi pamoja si jambo jipya kwa mwalimu wa umri wangu. Kilicho kipya ni chombo kinachovibeba.

Chombo hicho kilichelewa kutufikia, na kuchelewa huko kuna historia yake. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali zilizowekwa kwenye kompyuta kuleta hasara badala ya nafuu, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Seti za televisheni nazo ziliguswa na marufuku hayo. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwaka 1973, lakini Bara tulingoja hadi mwaka 1994. Marufuku ya kompyuta yaliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sitaki kuwahukumu viongozi wa wakati ule, maana nchi maskini ina haki ya kuogopa mashine inayokula fedha za kigeni. Lakini ni kweli kwamba kizazi kizima cha walimu kilifundisha na kuzeeka bila kukiona kitu hicho. Na wakati marufuku yakikaribia mwisho wake, huko Ulaya kulikuwa na kijana aliyekuwa akifikiria tatizo ambalo mwalimu yeyote wa kijijini angelitambua.

Kijana huyo ni Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1955, mtoto wa baba na mama waliokuwa wote wawili wataalamu wa kompyuta za mwanzo za nchi yao. Alikuwa akifanya kazi CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Wanasayansi walikwenda pale kutoka nchi nyingi, kila mmoja na aina yake ya kompyuta, wakafanya kazi miaka miwili mitatu, kisha wakaondoka. Kila aliyeondoka aliondoka na sehemu ya elimu kichwani mwake. Waliobaki walitafuta karatasi, waliuliza huku na huko, na mara nyingi hawakupata jibu.

Nani kati yetu hajui jambo hilo? Mwalimu wa hesabu akihamishwa, huondoka na mazoezi yake yote. Mwalimu mkuu mpya hufungua kabati la ofisi na kukuta mafaili yaliyoliwa na mchwa, na yule ajuaye shamba la shule lilipatikanaje yuko wilaya nyingine au amekwisha kufariki dunia.

Mwezi Machi 1989 Berners-Lee aliandika pendekezo la kuziunganisha habari za kituo kile ziwe kama utando wa buibui, hati moja ikielekeza kwenye nyingine, bila kujali imehifadhiwa kwenye kompyuta gani. Mkuu wake wa kazi, Mike Sendall, aliandika pembeni mwa karatasi ile kwamba wazo halijakaa wazi, ila linasisimua. Hakulikataa, alimwachia nafasi ya kulifanyia kazi. Kwangu mimi mwalimu, maneno yale machache pembeni mwa karatasi ni somo kubwa. Ni mara ngapi mwanafunzi ameleta wazo lisilo wazi akarudishiwa alama ya kosa?

Kufikia mwisho wa mwaka 1990, Berners-Lee, akisaidiwa na Mbelgiji Robert Cailliau, alikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni anwani, ili kila hati iwe na mahali pake panapojulikana. Cha pili ni kanuni ya mazungumzo, yaani jinsi kompyuta moja inavyoiomba nyingine hati na jinsi inavyojibiwa. Cha tatu ni lugha ya kuandikia hati zenyewe, inayoitwa HTML hadi leo. Kompyuta aliyoitumia kuhifadhia kurasa za kwanza ilibandikwa karatasi yenye onyo la mkono, kwa wino mwekundu, kwamba mtu asiizime. Wakati huo mtandao wote wa kurasa ulikuwa ndani ya mashine ile moja. Mfagizi mwenye bidii angeweza kuuzima kwa kidole.

Lugha ile ya HTML ndiyo iliyonivutia zaidi nilipoanza kujifunza, kwa sababu inatokana na kazi ninayoijua. Tangu zamani mhariri wa kiwanda cha uchapaji aliupokea mswada na kuutia alama pembezoni kwa kalamu: hiki ni kichwa cha habari, hapa aya ianze, neno hili lilale. Mpangaji wa herufi alizifuata alama zile, na msomaji hakuziona kamwe. Mwaka 1969 Charles Goldfarb na wenzake katika kampuni ya IBM walianza kuzifanya alama hizo zisomeke na kompyuta, na mwaka 1986 lugha iliyotokana na kazi hiyo ilikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa. Berners-Lee aliazima mtindo wake na kuurahisisha. Hati ya mwaka 1991 iliyoeleza alama za HTML ilikuwa na alama 18 tu. Ilikuwepo ya kichwa cha habari, ya aya, ya orodha, na ile iliyobadilisha dunia, alama ya kiungo, inayomwezesha msomaji kugusa neno na kupelekwa kwenye hati nyingine.

Alama kumi na nane! Mtoto wa darasa la kwanza hujifunza herufi zaidi ya hizo kabla ya likizo ya katikati ya muhula.

Hapa kuna jambo ambalo historia nyingi hulipita haraka. Programu ya kwanza ya Berners-Lee haikuwa ya kusomea kurasa peke yake. Ilikuwa ya kusomea na kuandikia pia. Mtu aliyefungua ukurasa aliweza, kwa programu ileile, kuandika wa kwake na kuuunganisha na mwingine. Lakini iliendeshwa kwenye aina moja ya kompyuta, tena ya bei ghali. Ili watu wengi zaidi wafikiwe, mwanafunzi mmoja aliyekuwa mafunzoni CERN, binti aitwaye Nicola Pellow, aliandika programu nyingine nyepesi iliyoweza kufanya kazi karibu kwenye kila kompyuta. Ilisaidia sana, lakini ilisoma tu, haikuandika. Vivinjari vilivyofuata na kuenea vilichukua njia hiyohiyo. Hivyo, tangu utotoni mwake, mtandao ulipiga mbio katika kusoma na kuchechemea katika kuandika. Sisi walimu tunajua kuwa kusoma na kuandika ni mapacha, na kwamba jamii iliyofundishwa kusoma bila kuandika husikiliza sana na kusema kidogo.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa programu za msingi za mtandao huo ni mali ya umma: yeyote azitumie, azibadilishe, asilipe hata senti. Uzito wa tangazo hilo unaonekana ukilitazama sambamba na jambo lililotokea Marekani mapema mwaka huohuo. Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa na mfumo wake wa kutafutia habari ulioitwa Gopher, nao wakati huo ulikuwa ukipendwa sana. Chuo kilipotangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa programu yake ya seva watatozwa ada, wengi waliingiwa na wasiwasi, wakauacha. Mfumo wa CERN, usio na mwenye kudai ushuru, ukashika njia.

Mwaka huohuo wa 1993, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina walitoa kivinjari kilichoitwa Mosaic, kilichoweza kuonyesha picha ndani ya ukurasa pamoja na maandishi. Watu wasiokuwa wanasayansi wakaanza kumiminika. Na hapa ndipo methali yetu inapoingia. Katika vivinjari vile kulikuwa na amri ndogo iliyomruhusu msomaji kuutazama ukurasa upande wake wa nyuma, yaani kuona maandishi na alama zote kama mtengenezaji alivyoziandika. Hapakuwa na chuo kilichokuwa kikifundisha kazi hii, wala mtaala, wala cheti. Mtu aliona ukurasa uliompendeza, akafunua nyuma, akaona ulivyoundwa, akanakili, akabadilisha jina, akajaribu. Hivyo ndivyo mafundi wa miaka ya 1990 walivyopatikana. Ni elimu ileile ya mwanagenzi wa seremala: hukai darasani, unakaa karangani, unatazama mkono wa fundi unavyoendesha randa.

Elimu ya kunakili ina kasoro zake, nazo zilijitokeza. HTML ilikusudiwa kusema kitu ni nini, wala si kuamuru kionekane vipi. Watengenezaji walitaka kurasa zenye safu mbili na tatu kama za magazeti, na kwa kuwa lugha haikuwapa njia, walitumia alama za majedwali, zile zilizokusudiwa kwa tarakimu na takwimu, kugawa ukurasa vipande vipande. Walitumia hata vijipicha visivyoonekana kusukumia maneno mahali walipoyataka. Mmoja alibuni, maelfu wakaiga.

Dawa ilianza kupendekezwa mwaka 1994, pale pale CERN, na Mnorwei Håkon Wium Lie. Alishirikiana baadaye na Mholanzi Bert Bos, na kanuni yao, iitwayo CSS, ilipitishwa mwezi Desemba 1996. Wazo lenyewe ni jepesi: maneno na maana yake yakae mahali pamoja, na sura, yaani rangi, ukubwa wa herufi na nafasi, ikae mahali pengine. Mwalimu analielewa hili mara moja. Somo la mvua ni lilelile, liwe limeandikwa kwa chaki ubaoni, limerudufiwa kwa stensili, au limesomwa redioni. Anayechanganya somo na chaki atapotea siku chaki ikikosekana.

Faida yake kubwa iko kwa asiyeona. Kipofu hutumia programu inayomsomea ukurasa kwa sauti. Kichwa cha habari kikiwekewa alama ya kichwa cha habari, mashine humwambia hivyo, naye huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine kama wewe unavyopitisha macho. Kikiwa ni maneno makubwa tu yaliyokolezwa wino, kwake ni maneno kama mengine. Vilevile picha isiyo na maelezo ya maandishi kwake ni ukuta. Shirika la W3C, lililoundwa na Berners-Lee mwaka 1994 kusimamia kanuni za mtandao, lilitoa mwaka 1999 mwongozo wa kutengeneza kurasa zisizomwacha mlemavu nje. Nimewahi kufundisha mtoto mwenye uoni hafifu katika darasa la watoto wengi. Ningekuwa na madaraka, huo ndio ungekuwa mlango wa kwanza wa somo hili, kabla ya rangi na mapambo.

Tugeukie picha na sauti. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake walitengeneza mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta, na picha ya kwanza waliyoijaribu ilikuwa ya mtoto wake mchanga. Waliigawa katika nukta 176 kwa upana na 176 kwa urefu, na kila nukta ikawa ama nyeusi ama nyeupe. Zidisha, utapata nukta 30,976. Simu ya kawaida ya leo hupiga picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12, na kila nukta hubeba rangi yake. Sauti nayo hukatwakatwa vivyo hivyo: katika santuri ndogo za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde moja ya sauti hupimwa mara 44,100. Mwanafunzi akishafahamu kuwa picha ni hesabu ya nukta na sauti ni hesabu ya vipimo, ameshika ufunguo. Ataelewa kwa nini picha nzito huchelewa kufunguka, na kwa nini kanuni kama JPEG, iliyokamilishwa mwaka 1992, hupunguza uzito kwa kutupa yale ambayo jicho halitayakosa.

Mimi nilijifunza haya kwa kijana mmoja niliyemfundisha darasa la nne, ambaye leo ana duka la steshenari mjini kwetu, la kutoa fotokopi na kuchapa barua. Nilikwenda kwake kwa sababu maalumu. Shule niliyoiongoza hadi kustaafu kwangu ilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Wanafunzi wa zamani waliufungua, wakaweka picha za mahafali, majina ya walimu, hata kumbukumbu za wazee. Siku moja ukurasa haukuonekana tena. Aliyekuwa na nywila alikuwa amepoteza simu yake, barua zetu kwa wenye mtandao hazikujibiwa, na miaka sita ya kumbukumbu ikaenda.

"Shikamoo Mwalimu," kijana alisema nilipomweleza shida yangu. "Kule tulikuwa wapangaji tu. Mwenye nyumba hakujui."

"Marahaba, mwanangu. Basi nifundishe kujenga, hata kama ni kibanda."

Akanifundisha. Alifungua programu ndogo ya kuandikia maandishi matupu, isiyo na mapambo yoyote, akaniambia niandike jina la shule na kulizungushia alama mbili: moja ya kufungua kichwa cha habari, nyingine ya kukifunga. Nikalihifadhi faili, akalifungua kwa kivinjari, na jina la shule likatokea kubwa juu ya kioo. Intaneti haikuwepo siku ile, kwa kuwa bando lilikuwa limekwisha. Ukurasa ulifunguka hivyo hivyo, maana ulikuwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Baada ya hapo nilijifunza aya, orodha, kiungo na picha. Kisha tukapiga picha kurasa za kitabu cha kumbukumbu za shule, tukazipunguza uzito, na chini ya kila picha nikaandika kwa maneno yaliyomo, ili asiyeona asomewe na anayetafuta apate.

Baadaye kijana alinieleza kwamba yaliyotupata sisi yaliwapata wakubwa. Kulikuwa na mahali palipoitwa GeoCities, palipoanzishwa Marekani mwaka 1994, ambapo watu wa kawaida walipewa nafasi ya bure kujenga kurasa zao. Kampuni ya Yahoo ilipanunua mwaka 1999, na mwezi Oktoba 2009 ikapafunga. Mamilioni ya kurasa yangepotea kabisa kama si watu waliojitolea kunakili walichoweza, pamoja na maktaba iitwayo Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa kazi hiyohiyo ya kutunza. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba MySpace, iliyokuwa mashuhuri kwa muziki, ilikuwa imepoteza miaka mingi ya nyimbo zilizowekwa na wasanii wake.

Kwa upande mwingine, CERN iliurudisha hewani mwaka 2013 ukurasa wa kwanza wa Berners-Lee, katika anwani yake ya awali. Kivinjari cha leo huufungua bila taabu. Hauna rangi, hauna picha, una maneno na viungo tu. Uliandikwa kwa zile alama chache, nazo zingali zinaeleweka. Haya ndiyo niliyotaka yamkae msomaji moyoni: kilicho chepesi, kilicho wazi, na kisicho na mwenye kukifungia, ndicho kilichodumu.

Leo hali inageuka. Tangu mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam na Mombasa, intaneti imekuwa karibu nasi, na wengi wetu tunaifikia kwa simu. Kwenye simu, kuufunua ukurasa upande wa nyuma si jambo la kawaida. Wengi hawajui hata kama lipo. Kwenye kompyuta amri ile ingalipo, lakini ukifunua kurasa nyingi unakutana na msitu wa maandishi yaliyozalishwa na mashine, ambayo hata fundi hayasomi kwa macho. Na watu wengi hawaweki tena kumbukumbu zao kwenye kurasa zao wenyewe; wanaziweka katika nyumba kubwa za kupanga. Sizidharau nyumba hizo. Zimempa sauti mama anayeuza vitenge na kijana anayeimba, bila kuwauliza cheti. Lakini mpangaji mwenye busara haachi hati ya shamba la ukoo kwenye chumba cha kupanga.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu walioko kazini, na hasa kwa vyuo vya ualimu. Kama sisi tulivyofundishwa stensili, mwalimu wa leo afundishwe ukurasa. Simaanishi kwamba wote wawe mafundi wa kompyuta, kama vile sisi hatukuwa wapiga chapa. Siku chache zinatosha kumfundisha zile alama za mwanzo, kutenganisha maneno na sura yake, kupunguza picha, kuandika maelezo kwa ajili ya asiyeona, na kutunza nakala zaidi ya moja mahali tofauti. Afundishwe kwa Kiswahili, maana hakuna katika alama zile lisiloweza kuelezwa kwa Kiswahili. Na zoezi lake la kwanza liwe kitabu cha kumbukumbu cha shule anayofanyia mazoezi ya kufundisha.

Katika kitabu chetu kuna mambo ambayo hayamo katika kitabu kingine chochote duniani. Kuna orodha ya watoto waliojaa madarasani Novemba 1977, tulipoanza elimu ya msingi kwa wote, wengine wakikaa chini ya mwembe kwa kukosa vyumba. Kuna mwaka wa njaa, ambao mahudhurio yalishuka hadi chini ya nusu. Na kuna mistari miwili ya mwandiko wa mwalimu mkuu aliyenitangulia, inayotaja mwalimu wa jiografia aliyekwenda kwenye vita vya Kagera na asirudi. Hakuacha mtoto. Ndugu zake wamehama. Ukurasa ule una tundu la mchwa kiasi cha kidole mbele ya jina lake.

Jina hilo nimeliandika mwenyewe, herufi kwa herufi, katika aya yake. Faili lina uzito mdogo kuliko picha moja ya simu. Nakala moja iko kwa kijana wa steshenari, moja iko shuleni, moja ninayo nyumbani, na nyingine iko mtandaoni kwenye anwani tunayoilipia wenyewe kila mwaka kwa mchango. Mtoto atakayeifungua ataweza, akitaka, kufunua nyuma na kuona jinsi mzee alivyoiunda.